Namba kwenye Ubavu wa Mpira

Fundi Vuai amezikwa kwao Tumbatu wiki iliyopita. Habari ilinifika kwenye simu, katikati ya kadi ya harusi na ujumbe wa mtu anayeuza mapazia, nikaisoma mara mbili huku nakuna nazi. Binti yangu akaniuliza ni nani huyo. Nikamwambia alikuwa fundi wa magari, alifanya kazi chini ya dirisha langu mwaka ule niliokuwa kizuka, nakaa eda, kabla sijaolewa na baba yako. Akaniangalia kidogo, akarudi kwenye mambo yake. Sikulia. Nilimaliza kukuna nazi, nikaichuja, nikapika. Siku mbili zikapita sihisi kitu, na siku ya tatu, nafua, nikatambua kwamba hali ile ya kutohisi naijua, nimewahi kukaa ndani yake mwaka mzima, na kwamba mtu mmoja tu aliyekuwa nayo sawasawa na mimi mwaka ule ndiye huyu aliyezikwa. Ndiyo maana nimechukua daftari.

Mume wangu wa kwanza aliitwa Mbarouk, na kazi yake ilikuwa kuvuta karavani ya meno. Wasioiona hawataielewa, kwa hiyo nieleze. Ilikuwa nyumba ndogo nyeupe ya magurudumu mawili, iliyotengenezwa Ulaya kwa ajili ya watu kwenda nayo likizo, yenye madirisha ya plastiki na makabati ya mbao nyepesi. Jumuiya moja ya matabibu ilipewa, ikang'oa vitanda na jiko, ikatia kiti cha mgonjwa, tangi la maji, jenereta na mashine ya kusukumia upepo, na Mbarouk akawa anaizungusha mashamba nyuma ya pikapu: leo Chwaka, kesho Bwejuu, wiki ijayo kaskazini. Jumuiya ilikodi ghala chini ya nyumba ya mama mkwe wangu, Bi Kazija, ambako sisi tulikaa juu, pale mwisho wa Mji Mkongwe upande wa Malindi, vichochoro vinapokwisha na kupatikana uwanja wa kugeuzia gari. Asubuhi moja, karibu na Dunga, karavani iliyumba, ikalala ubavu, ikaikokota pikapu mpaka kwenye mnazi. Mbarouk alikufa pale pale. Mtu mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli, Bwana Ame, alivunjika mguu mahali pawili. Aliyeandika ripoti aliandika kuwa dereva alisinzia, na hapakuwa na mtu wa kumbishia.

Kusinzia kwenyewe kulikuwa na sababu, na sababu ilikuwa mimi. Siku tatu kabla ya safari ile nilishikwa na homa kali, na Mbarouk alikaa kando ya kitanda akinipangusa kwa kitambaa cha maji, halali ila vipande vipande. Nyumba nzima ilijua. Katika matanga nilikuwa nimelazwa chumba cha ndani, mlango umerudishwa tu, nikawasikia wanawake wakizungumza huku wanachambua mchele. Mmoja alisema maskini kijana wa watu, hakuwa amepata usingizi, mkewe alikuwa hajiwezi. Aliyasema kwa huruma. Mwingine akaitikia kwa ulimi, mlio ule wa kusikitika, kisha wakaendelea na habari ya bei ya sukari. Bi Kazija hakuwahi kunitamkia neno hilo hata mara moja. Aliniletea chakula kwa mikono yake, akanitia maji ya kunawa, akanifunika shuka. Lakini aliacha kuniita mwanangu. Akawa ananiita Zuwena, jina langu tu, kwa upole, kama unavyomwita mtoto wa jirani.

Eda ni miezi minne na siku kumi. Nilikaa chumba cha ghorofa ya pili chenye dirisha moja linaloangalia uwanja. Kulikuwa na kitanda cha samadari cha mbao, mkeka, msahafu juu ya marufaa, na boriti za mkoko ambazo nilizihesabu mpaka nikaacha. Asubuhi uji wa mchele wenye pilipili manga, mchana wali na mchuzi wa samaki changu, jioni chai na mkate wa mofa. Watu hudhani mfiwa hashiki chakula. Mimi nilikula kila kilicholetwa, nikatafuna na kumeza, na mtu angeniuliza nusu saa baadaye nimekula nini nisingeweza kumjibu. Dokta Rukia, mkubwa wa ile karavani, aliwahi kunieleza siku za nyuma kwamba mgonjwa aliyepigwa sindano ya ganzi lazima aonywe asile mpaka ganzi itoke, maana anaweza kujing'ata ulimi ukatoka damu na asijue. Nilikuwa nikitafuna polepole kwa kukumbuka maneno hayo. Hiyo ndiyo hadhari pekee niliyokuwa nayo katika miezi ile.

Kila Alhamisi nyumba ilinukia iliki. Bi Kazija alikuwa akipika mkate wa kumimina, akiugeuza mwenyewe juu ya makaa, na Ijumaa asubuhi aliufunga katika kitambaa safi na kumpa konda wa gari ya Chwaka aufikishe Dunga, nyumbani kwa Bwana Ame. Kaka yake alikuwa ameshakwenda mara moja hospitali kumtaka radhi yule bwana kwa niaba ya ukoo, na kule akaambiwa yameshapita. Kwa Bi Kazija hayakupita. Nilimsikia baada ya kila sala, ukuta kwa ukuta, akimwombea mwanawe asamehewe kwa usingizi wake na kwa mguu wa mja wa Mungu. Usingizi wake. Alilitaja hilo kwa sauti ya chini kabisa, na kila akilitaja mimi niliangalia mikono yangu, nikiona vidole kumi, na sikuona zaidi ya hapo.

Wiki ya nne walilikokota lile gari la meno mpaka uwanjani na kuliweka chini ya dirisha langu, kwa kuwa ghala lilikuwa pale na hapakuwa na pahala pengine. Ubavu mmoja ulikuwa umebonyea. Bi Kazija alitaka kulitundikia dirisha pazia zito. Nikamwambia aache tu. Siku ya pili yake akaja Fundi Vuai. Alikuwa rafiki wa Mbarouk wa barazani, mtu wa miaka arubaini na kidogo wakati huo, mwembamba, mwenye kusema kwa lafudhi ya kwao inayokata maneno mafupi. Mimi sikuweza kumsalimu, kwa kuwa kizuka hazungumzi na wanaume wasio maharimu zake, naye hakuinua macho hata siku moja kuangalia dirishani. Kwa hiyo nilimjua kwa sauti. Naweza kusema nilimjua kwa sauti kuliko nilivyowajua watu niliokula nao.

Mazungumzo ya kwanza niliyoyasikia yalikuwa kati yake na Dokta Rukia, na yalikuwa makali kwa namna ya watu wenye adabu. Dokta alitaka bodi inyooshwe, vitiwe vioo, mipira miwili mingine ya magurudumu kama ile ya zamani, na safari zianze. Bwejuu walikuwa wamempigia simu mara tatu, kuna mtoto shavu limevimba mpaka jicho limefumba. Vuai akamjibu kuwa bodi atainyoosha, lakini mipira ya namna ile hairudishi. Dokta akauliza kwani ile ina nini. Fundi akasema, "Dokta, nyumba hii ilijengwa kubeba mito na vikombe. Nyinyi mmeitia hospitali." Akaomba ipelekwe bandarini ikapimwe kwenye mizani ya malori. Waliipeleka, polepole, asubuhi nzima, na waliporudi nikamsikia Dokta akiisoma karatasi ya mizani. Hata kabla tangi halijatiwa maji, uzito ulikuwa umepita kile ambacho magurudumu yale yalitengenezwa kubeba. Mbarouk alikuwa amezunguka nao kisiwa kizima kwa miaka miwili.

Sikushtuka. Nakumbuka nilirudi kitandani, nikakunja shuka.

Baada ya hapo siku zangu zikapata umbo, na umbo hilo lilikuwa kazi ya Vuai. Alikuja saa tatu, akaondoka alasiri. Alifungua magurudumu, akaliweka gari juu ya mawe na magogo, akatoa beringi akaziosha kwa mafuta ya taa, harufu ikapanda mpaka juu. Dokta alipata ringi mbili Darajani, akazileta kwa furaha. Vuai akazijaribu, akasema matundu ya nati hayakai sawa. Dokta akamwambia fundi mwingine kashamwambia yanaweza kupanuliwa kwa tupa kidogo. Vuai akasema fundi huyo aje apande yeye. Zikarudishwa. Tukasubiri meli, na ringi nyingine zikaja kutoka Dar es Salaam, za chuma kinene, na pamoja nazo mipira mitatu ya mzigo, mmoja wa akiba, yenye ubavu mgumu ambao alisema hauwezi kuubonyeza hata ukiupiga teke. Alikataa vali za mpira za kutilia upepo, akataka za chuma, kwa sababu zile za mpira hukauka na kukatika shingoni. Alipokaza nati hakuzifuata kwa mzunguko. Alikwenda hii, kisha ya upande wa pili, kisha akarudi, ili ringi ikae bapa, na alitumia spana yenye kipimo, hakukisia kwa nguvu za mkono. Alimweleza Dokta yote hayo kama mwalimu wa chuo anayemsomesha mtoto juzuu. Upepo unapimwa asubuhi, mpira ukiwa baridi. Nati zinakazwa tena baada ya safari fupi ya kwanza. Kila mkisimama njiani, mtu ashuke, atie kiganja kwenye kila mpira, na kama mmoja una moto kuliko mwenziwe, gari haliondoki. Nimeyaandika kwa mpangilio huu kwa sababu ndivyo nilivyoyapokea, neno kwa neno, nimekaa juu ya mkeka, mgongo ukutani, chini ya dirisha.

Siku moja alikuwa akimwonesha Dokta jinsi ya kujua umri wa mpira. Alimwambia ubavuni kuna namba nne ndani ya duara refu. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. "Mpira unazeeka hata ukikaa bure," alisema. "Jua linaula, unakauka ndani kwa ndani. Kashata hizi za kukanyagia barabara zinabaki nzima juu, mtu akiziona anadanganyika." Neno hilo la mwisho halikutoka vizuri. Dokta akamuuliza jambo, nikasikia spana ikiwekwa chini.

Nilikaa na neno lile la kashata siku nzima. Jioni, nikiwa na bakuli la muhogo wa nazi mapajani, nikakumbuka bakuli jingine kama lile. Ilikuwa miezi michache kabla ya ajali. Mbarouk alipanda ngazi mbili mbili, akanawa grisi kwenye beseni, akakaa kula muhogo huku ananihadithia kwamba Vuai kampatia mipira miwili ya karavani, imetoka kwenye gari iliyokuja na meli, kashata bado nzima kama jana, na kaivalisha mwenyewe siku ile ile. Alifurahi kama mtu aliyepewa viatu. Nilimwambia ale, muhogo unapoa.

Kesho yake adhuhuri, nyumba nzima ikiwa imelala, niliteremka. Ghala lilikuwa na mlango wa ndani karibu na ngazi, kwa hiyo sikuvuka kizingiti cha nyumba. Mpira uliopasuka ulikuwa nyuma ya magunia matupu, umeegeshwa ukutani, na mwenziwe ambao haukupasuka uko ubavuni mwake. Mtu alikuwa ameihifadhi, wala hakuitupa. Nilichutama. Ule mzima ulikuwa na nyufa nyembamba ubavuni, nyingi, kama udongo wa bwawa lililokauka. Ule uliopasuka ulikuwa umeachia nyuzi zake nje. Niliupangusa kwa pindo la kanga mpaka nikaliona duara refu, na ndani yake namba nne, na mbili za mwisho zilikuwa za mwaka niliomaliza kidato cha nne. Nilihesabu kwa vidole. Siku Mbarouk alipoupokea, mpira ule ulikuwa na umri wa miaka minane.

Kwa hiyo hakusinzia. Au kama alikuwa na usingizi, usingizi haukumuua. Nilitegemea kitu kitatokea ndani ya kifua changu, nikakisubiri nimechutama pale mpaka miguu ikaanza kufa ganzi. Hakikutokea. Nilirudisha magunia kama yalivyokuwa, nikapanda juu, nikalala.

Nimejiuliza mara nyingi, na sasa najiuliza tena, kwa nini nilinyamaza wiki tisa zilizobaki. Kuna sababu zinazosikika vizuri. Vuai sikuweza kuzungumza naye. Bi Kazija angedhani nakwepa lawama, mke anayetafuta wa kumbebesha. Yote hayo ni kweli, na nadhani sio sababu. Sababu ni kwamba kusema kunataka mtu awe anataka jambo fulani litokee, nami sikutaka lolote litokee. Nilimsikia Vuai chini akikaza na kulegeza na kukaza tena kazi ambayo mtu mwingine angeimaliza kwa siku nne, nikamsikia Bi Kazija upande wa pili wa ukuta akiuombea msamaha usingizi usiokuwepo, na mimi katikati yao nikila uji. Leo nikimwona kijana wa kike aliyefiwa, ametulia, anajibu vizuri, watu wanasema mashallah ana subira, mimi huwa sisemi hivyo.

Eda ilipokwisha waliniogesha, nikavaa gauni jipya, wakanifukiza udi. Wanawake walikula, wakaomba dua, wakaondoka. Asubuhi iliyofuata nikashuka uwanjani. Karavani ilikuwa tayari imesimama kwenye magurudumu yake mapya, meusi, mapana kuliko ya zamani, na Vuai alikuwa akiifunika kwa makuti upande wa jua. Alinisalimu bila kuniangalia, akaniita shemegi, akanipa pole kama ndiyo kwanza nimefiwa. Nikaitikia. Kisha nikamwambia, "Fundi, ule mpira wa nyuma ya magunia nimeusoma namba."

Aliendelea kushika kuti lile kwa muda. Akaliweka chini, akakaa kwenye kigogo.

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliyomfundisha Dokta."

Akasema, "Mimi najua tangu siku yenyewe. Nlifika pale njiani kabla hawajamfunika. Nkauona mpira, nkajua." Alinieleza mengine kwa vipande. Kwamba siku anaivalisha alikuwa na haraka, magari mengine mawili yanamngoja, akaziona kashata, akaridhika. Namba anazijua tangu ujana, hakutazama. Kwamba aliposikia ripoti imeandika usingizi alingojea mtu amuulize, akajiwekea ahadi kuwa akiulizwa atasema, na hakuna aliyemuuliza. Aliposema hivyo sauti yake ilikuwa sawa kabisa, haina kupanda wala kushuka, na mimi nikaitambua. Ndivyo nilivyokuwa nikisikika mimi kwa miezi minne na nusu.

Sikumkasirikia. Natamani kuandika kwamba nilimkasirikia. Nilimwambia tu kwamba karavani haitoki uwanjani mpaka apande juu akamwambie Mama.

"Nitamuua, shemegi."

"Mama anamwombea mwanawe msamaha mara tano kwa siku kwa kosa ambalo hakulifanya. Panda, Fundi."

Alipanda nyuma yangu. Bi Kazija alikuwa kwenye baraza ya ndani na ungo mapajani, anapepeta mchele. Vuai akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaa karibu na mlango, makubadhi yake ameyashika mkononi. Aliyasema yote, bila kujitetea hata kwa lile la haraka. Alimwambia kuwa mpira ulikuwa umekufa kabla hajauvalisha, na kwamba ripoti ni ya uongo, na yeye ameuachia uongo huo ukae ndani ya nyumba hii. Nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti. Bi Kazija hakuacha kupepeta. Chuya zilikuwa zikimwagika chini, na kisha nikaona kwamba sio chuya, ni mchele mzuri unaomwagika.

"Mwanangu alikuwa macho?" aliuliza.

"Mpira ule ulikuwa wa kupasuka, Mama, hata angekuwa kalala wiki nzima."

"Nimekuuliza alikuwa macho?"

Vuai akasema hajui, hakuwapo. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote aliyoyasema. Bi Kazija akaweka ungo chini. Alisema, "Sijui nikwambie nini, Vuai. Njoo kesho." Akaja kesho, akapewa kahawa, na neno halikusemwa. Akaja keshokutwa. Alikuja miaka mingi, na ninavyojua mimi hakuwahi kuambiwa amesamehewa, ila kahawa haikukosekana hata siku moja, na Ramadhani ukipikwa uji, wake uliwekwa pembeni.

Kwenye safari ya kwanza nilikwenda. Dokta Rukia alikuwa anahitaji mtu wa kuandika majina ya wagonjwa, na Vuai akamwambia kuwa katika Unguja nzima hakuna anayeijua mipira ile kuliko mimi, jambo ambalo Dokta hakulielewa mpaka aliponiona asubuhi ile nimepiga goti na geji ya upepo mkononi. Nilifanya kazi ile miaka sita. Mpaka leo nikipita karibu na gari lililoegeshwa hujikuta nimeinama kutazama ubavuni, na wanangu huona haya. Lakini siku ile ya kwanza mtu wa ziada hakuwa mimi, alikuwa Bi Kazija. Alishuka ngazi amevaa buibui, kipande cha mkate wa kumimina mkononi, akasema anakwenda Dunga kumwambia Bwana Ame kweli yake, na akapanda kiti cha nyuma bila kumngojea mtu kumjibu. Pikapu ilikuwa nyingine na dereva alikuwa mpya. Vuai alikaa mbele pamoja naye, Dokta alitangulia kwa gari yake. Tulikwenda mwendo wa harusi. Nilikuwa nikitazama kioo cha pembeni, nikiiona karavani nyuma yetu imetulia, haiyumbi, inafuata kama ng'ombe aliyezoea njia.

Nyumba ya Bwana Ame ilikuwa ndani kidogo, baada ya migomba. Vuai alibaki barabarani kukaza nati mara ya pili, kama alivyosema mwenyewe, na nadhani pia kwa sababu hakuthubutu kuja. Bwana Ame alitoka na mkongojo, mtu mnene mwenye uso wa furaha, akatutandikia mkeka barazani na kuagiza madafu. Bi Kazija hakuyagusa. Alianza kwa yale ya adabu, hali ya mguu, hali ya nyumba, kisha akasema amekuja kurekebisha jambo: ule mkate wa kila Ijumaa ulikuwa wa kutaka radhi kwa mwanawe aliyesinzia, na sasa imebainika kuwa hakusinzia, ulikuwa mpira.

Bwana Ame akamtazama, akanitazama na mimi.

"Nani alisinzia?" aliuliza.

Bi Kazija akarudia. Yule bwana akaweka mkongojo chini. "Bibi, mimi nlisikia mlio kwanza, kama bunduki. Nkageuka. Gari inakuja upande wangu, na kijana yuko macho, kanitazama mimi hivi, kama unavyonitazama wewe. Akaukata usukani kwenda kwenye minazi. Ile nyumba ya nyuma ndiyo iliyonizoa mguu ilipoanguka. Yeye angekwenda moja kwa moja, angenipitia mimi akasalimika."

"Mbona hukusema?"

"Nani kaniuliza? Kaka yako kaja kunitaka radhi, nkamwambia yameshapita. Halafu nnaletewa mkate kila Ijumaa. Nkadhani ndio ada ya watu wa mjini."

Hakuna aliyecheka. Bi Kazija alikaa mpaka jua likasogea kutoka kwenye vidole vya miguu yake mpaka magotini. Kisha akanywa lile dafu, lote, akamshukuru, akamwambia mkate utaendelea kuja, ila sasa ni kwa mapenzi tu. Tulipofika barabarani Vuai alisimama na spana mkononi. Bi Kazija akamwambia, "Alikuwa macho," akampita, akapanda gari.

Kutoka Dunga mpaka Chwaka barabara imenyooka. Hatujafika mbali, nikahisi kichwa cha Bi Kazija kinaniegemea. Nyumbani hakuwa akilala mchana, na mwaka ule nadhani hakuwa akilala kabisa. Nilikuwa nikimsikia akitembea. Sasa alilala kwa mara moja, mdomo wazi kidogo, uzito wake wote juu ya bega langu la kushoto, ushungi wake unanukia iliki. Nilikaa bila kutikisika. Baada ya muda bega likaanza kuuma, kwanza kidogo, kisha sana, maumivu yakateremka mpaka kiwiko na kupanda mpaka shingoni. Yaliniuma kweli kweli. Dereva alipotaka kusema jambo nikamwashiria anyamaze, nikalikaza bega vizuri chini ya kichwa chake, tukaendelea.